Mgonjwa ni wa Nani? Familia na Hospitali Zinapovutana Kitandani



Tunaikaribia tarehe 11 Februari, kumbukumbu ya Bikira Maria wa Lurdi, ambayo tangu mwaka 1993 Kanisa linaiadhimisha pia kama Siku ya Wagonjwa Duniani. Kwa sababu hiyo tumeonelea wiki hii tuache kidogo utaratibu wetu wa kutafakari masomo ya Dominika, tujibu swali tuliloletewa ofisini na mama mmoja wa parokia yetu. Kaka yake amelazwa katika chumba cha wagonjwa mahututi, mbali na hapa. Madaktari wamewaita ndugu na kuwaeleza kwamba mashine inayomsaidia kupumua haimrudishi tena katika uzima, bali inachelewesha tu mwisho wake. Nusu ya ndugu wanasema mashine isiguswe, liwalo na liwe. Nusu nyingine wamechoka, na wanaogopa kusema kwamba wamechoka. Mama huyo alituuliza kwa sauti ya chini: "Padre, tukikubali, tutakuwa tumemwua?" Kabla hatujamjibu, aliongeza swali la pili, ambalo ndilo lililotunyima usingizi: "Na hivi, mwenye kauli juu yake ni sisi au ni daktari?"

Swali la kwanza Kanisa limekwisha kulijibu zamani, na jibu lake tutalitoa hapa chini. Swali la pili ni gumu zaidi, kwa maana anayeuliza amekwisha kuamini kwamba kauli ni lazima iwe ya mmoja kati ya hao wawili.

Tuanzie mbali kidogo, katika mji wa Liverpool nchini Uingereza, kwa sababu huko mvutano wa namna hii ulifikishwa mwisho wake kabisa, mbele ya mahakama na mbele ya macho ya dunia, na Baba Mtakatifu mwenyewe akapaza sauti yake.

Mtoto Alfie Evans alizaliwa tarehe 9 Mei 2016. Mwezi Desemba mwaka huohuo alilazwa katika hospitali ya watoto ya Alder Hey akiwa na degedege, wala hakutoka tena humo akiwa hai. Alikuwa na ugonjwa ulioendelea kuuharibu ubongo wake, ugonjwa ambao madaktari hawakufaulu kuupa jina. Wazazi wake walikuwa vijana wa takriban miaka ishirini, na baba yake ni Mkatoliki. Madaktari walipofikia uamuzi kwamba kuendelea na mashine ya kupumulia hakumfaidii mtoto, wazazi walikataa. Kwa sheria za Uingereza, wazazi na madaktari wasipopatana juu ya tiba ya mtoto, mahakama ndiyo inayoamua, kwa kutazama maslahi ya mtoto mwenyewe. Tarehe 20 Februari 2018 Mahakama Kuu iliwapa haki madaktari. Rufaa zikafuata, moja baada ya nyingine, hata mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliyoko Strasbourg, na zote zikashindwa.

Wakati huohuo hospitali ya Bambino Gesù ya mjini Roma, ambayo ni mali ya Kiti Kitakatifu, ilisema iko tayari kumpokea. Haikuahidi kumponya, iliahidi kumtunza. Tarehe 18 Aprili baba wa mtoto alionana na Papa Fransisko mjini Vatikani. Tarehe 23 Aprili serikali ya Italia ilimpa Alfie uraia ili safari iwezekane, lakini mahakama haikuruhusu, na usiku huo mashine iliondolewa. Wengi walidhani atakata roho mara moja. Alipumua mwenyewe siku baada ya siku, hadi alfajiri ya tarehe 28 Aprili 2018 alipofariki.

Nje ya hospitali palikuwa na umati. Wapo waliosali, na wapo waliotukana. Wauguzi waliokuwa wakienda zamu, watu waliomgeuza na kumsafisha mtoto huyo kwa zaidi ya mwaka mzima, walizomewa na kutishwa. Maaskofu Wakatoliki wa Uingereza na Wales walilazimika kutoa tamko la kuwatetea watumishi hao, kwamba lawama dhidi yao hazikuwa na msingi. Kwa hiyo Kanisa lilionekana kana kwamba limesimama pande zote mbili, Roma likiwa na wazazi, Uingereza likiwa na madaktari. Na Wakatoliki wengi walichanganyikiwa.

Tuseme wazi maoni yetu sisi, ambayo ni maoni ya paroko na si tamko la Kanisa. Kuhusu mashine yenyewe, Wakatoliki waliosimama getini wakipiga kelele "wauaji" walisema zaidi ya kile ambacho imani yao inafundisha. Mashine ya kupumulia si sakramenti. Inaweza kuwekwa, na inaweza kuondolewa. Lakini kuhusu kuwazuia wazazi wasimchukue mtoto wao kwenda kwenye hospitali nyingine yenye sifa, iliyokuwa na kitanda tayari na madaktari tayari, hapo hatuwezi kwenda pamoja na mahakama. Mahakama iliona kwamba safari hiyo haingekuwa kwa faida ya mtoto. Yawezekana kabisa isingemfaidia. Hata hivyo mzazi hanyang'anywi ulinzi wa mwanawe kwa sababu tu tumaini lake ni dogo. Ananyang'anywa pale anapomdhuru. Kumtunza mtoto asiyeweza kupona, mpaka mwisho wake, katika mikono ya watu wanaokubali kumtunza, hakuwezi kuitwa madhara bila sababu nzito mno.

Katika habari yote hii, lililotugusa kuliko mengine lilitokea tarehe 26 Aprili, siku mbili kabla ya kifo. Baba wa mtoto alitoka nje, akausomea umati maneno mafupi. Aliwashukuru, akawaomba warudi makwao, akasema kwamba kuanzia sasa familia itashirikiana na hospitali ili mtoto apate utulivu na heshima. Baada ya miezi ya mawakili na kamera, yalibakia mazungumzo kati ya wazazi wawili na wale waliokuwa wakimhudumia mtoto wao. Tumejiuliza mara nyingi: mazungumzo yale yangefanyika mwaka mmoja kabla, kwa unyenyekevu uleule wa pande zote mbili, mahakama zingepata kazi gani?

Sasa turudi kwa mama yetu na swali lake la kwanza. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius wa 12 aliongea na madaktari bingwa wa nusukaputi, wakati mashine za kupumulia zilipokuwa zimeanza kuenea hospitalini. Walimwuliza maswali hayahaya anayouliza mama huyu. Aliwajibu kwamba mtu anao wajibu wa kuutunza uhai wake kwa njia za kawaida, zile zisizomletea yeye wala wengine mzigo uliopita kiasi. Njia zilizo nje ya kawaida anaruhusiwa kuzitumia, lakini halazimiki. Tamko la Vatikani juu ya eutanasia la tarehe 5 Mei 1980 liliendeleza fundisho hilo, likasema tuupime uzito wa tiba pamoja na matunda yanayotazamiwa: maumivu yake, hatari zake, gharama yake, nguvu za mgonjwa mwilini na rohoni. Kukataa tiba ambayo uzito wake umeshinda faida si kujiua wala kuua. Ni kukubali kwamba binadamu hufa. Katekisimu inayasema hayo katika namba 2278, na wenye kitabu hicho nyumbani tunawaomba wakifungue leo jioni.

Lakini namba inayofuata, 2279, isirukwe. Hata kifo kikiwa karibu, mgonjwa haachwi. Kuoshwa, kugeuzwa ubavu, kupewa dawa ya maumivu, kulindwa na baridi, hivyo haviko kwenye mizani ya mashine. Na kuhusu chakula na maji, hata vinapopitishwa kwa mpira, Papa Yohane Paulo wa 2 alifundisha tarehe 20 Machi 2004 kwamba kwa kanuni ni huduma ya kawaida anayostahili kila mgonjwa, maadamu vinamlisha na kumpunguzia taabu. Mwili ukifika mahali usipoweza tena kuvipokea, basi vimekwisha kazi yake.

Papa huyohuyo alilihubiri fundisho hilo kwa mwili wake mwaka mmoja baadaye. Mwezi Februari 2005 alilazwa mara mbili katika hospitali ya Gemelli, na safari ya pili akatobolewa koo ili apumue. Hakuona haya kutumia hospitali. Tarehe 30 Machi Vatikani ilitangaza kwamba analishwa kwa mpira wa puani. Kesho yake hali ilipobadilika ghafla, iliamuliwa kwamba asirudishwe tena Gemelli. Alitibiwa chumbani mwake, akafariki tarehe 2 Aprili 2005, saa tatu na dakika thelathini na saba usiku, akizungukwa na watu wake, huku uwanja mzima ukisali chini ya dirisha lake. Alikubali mpira, hakukubali safari. Kama angetaka mashine zote za Roma, zingeletwa. Wanaosema kwamba Mkatoliki lazima ang'ang'anie kila kilichopo hospitalini, waelezeni habari hii.

Basi kwa mama yetu tulisema: la, hamtakuwa mmeua, ikiwa madaktari wamepima kwa uaminifu, ikiwa nia yenu si kumwondoa duniani bali kuacha kumbebesha mzigo usiomfaa, na ikiwa hamtamwacha peke yake. Alitikisa kichwa, lakini tuliona bado hajatulia, kwa kuwa swali la pili lilikuwa bado limesimama.

Huku kwetu mivutano hii huwa na sura tofauti na ya Liverpool. Ni nadra ifike mahakamani. Huanzia kwenye korido ya wodi, na mara nyingi huishia papo hapo, kwa ndugu kumbeba mgonjwa na kuondoka naye usiku, au kwa mgonjwa kubaki na ndugu kutoonekana tena. Tumeitwa katika wodi nyingi, na tumekuwa tukisikia pande zote mbili zikisema jambo moja kuhusu mwenzake: "Hawaelewi."

Kwa upande wa hospitali tuseme ukweli. Daktari mwenye wagonjwa hamsini asubuhi moja hupata dakika mbili za kumweleza mke wa mtu kwamba mumewe hatapona, na dakika hizo huzitumia akiwa amesimama, faili mkononi, akichanganya Kiswahili na Kiingereza. Mama wa watu anaitikia "sawa daktari, asante daktari," kisha anatoka nje na kumwuliza mlinzi wa getini daktari alikuwa anasema nini. Hapo ndipo uvumi unapoanza: kwamba wamemchoka, kwamba wanataka kitanda, kwamba kuna dawa lakini imefichwa kwa wenye fedha. Hatusemi hivi kwa kuwadharau madaktari. Tunawaona wanavyotoka zamu ya usiku na macho mekundu, na baadhi yao ni watoto wa parokia hii. Lakini aliyeambiwa akiwa amesimama hakuambiwa.

Kwa upande wa familia tuseme ukweli vilevile. Wapo wanaomwondoa mgonjwa hospitalini kwa sababu mhubiri fulani amewaahidi muujiza. Mwaka 2011 taifa zima liliona misururu ya magari kuelekea Samunge, Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500 cha Mchungaji Ambilikile Masapila. Watu waliinuliwa kutoka vitanda vya hospitali, na baadhi yao walifia njiani, katika vumbi, kabla ya kukifikia kikombe. Hatuwacheki. Mtu aliyekata tamaa hukimbilia popote anapoitwa kwa jina. Twajiuliza tu kama wagonjwa wale waliulizwa walipokuwa wakipakiwa garini.

Halafu kuna fedha, na hapa tunaomba tusifichane. Mivutano mingi inayoletwa kwetu ikiwa imevaa kanzu ya maadili, ukiivua kanzu hiyo unakuta ankara. Ndugu wanaosema "tumwachie Mungu" wakati mwingine maana yake ni kwamba ng'ombe wamekwisha. Tamko la mwaka 1980 halikuona aibu kutaja gharama, na familia isijione haina imani kwa sababu imeshindwa kulipa. Lakini hospitali inayomzuia aliyepona asirudi nyumbani, au inayoshikilia maiti mpaka deni liishe, inavunja jambo lililo kubwa kuliko hesabu zake. Nchini Kenya, Mahakama Kuu iliamua mwaka 2015, katika shauri la akina mama waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi baada ya kujifungua, kwamba kumfungia mgonjwa kwa ajili ya deni ni kinyume cha katiba. Hapa Tanzania serikali imekwisha kuagiza zaidi ya mara moja kwamba maiti zisizuiliwe. Tunaandika haya tukijua kwamba hospitali za Kanisa nazo zimelalamikiwa kwa kosa hilohilo. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imetupa matumaini. Tuombe ifike na kule ambako zahanati ni chumba kimoja.

Sasa tumefika mahali ambapo hatuna budi kujisema wenyewe.

Miaka ya mwanzo ya upadre wetu, tukiwa paroko msaidizi mahali pengine, tuliitwa kwa mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuwa na saratani ya umio. Alikuwa amelazwa katika hospitali ambayo hatutaitaja. Daktari alikuwa kijana, pengine mdogo kwetu kwa miaka mitatu au minne. Aliwaambia wanawe kwamba ugonjwa umesambaa, hakuna upasuaji utakaofaa, na kwamba anapendekeza mzee arudi nyumbani na dawa ya maji ya mofini ya kumtuliza maumivu, naye muuguzi atakuwa akimfuata huko. Watoto wa kiume walikuwa wamefika kutoka Dar es Salaam. Waliona baba yao anafukuzwa. Walitujia wakasema, "Padre, wewe una kauli, zungumza na huyu daktari."

Tulizungumza naye. Tulikuwa tumetoka seminari hatuna muda mrefu, vitabu vya maadili vilikuwa bado vya moto kichwani, na kanzu nyeupe ilikuwa imepigwa pasi. Tulimwambia mbele ya ndugu wote kwamba uhai ni mali ya Mungu, na kwamba Kanisa haliruhusu mgonjwa atupwe. Kila neno lilikuwa la kweli, na hakuna hata moja lililomhusu mzee yule, kwa sababu hakuna aliyekuwa anamtupa. Daktari alijaribu kueleza, hatukumpa nafasi. Mwisho akaandika barua ya rufaa.

Waliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba la kahawa. Mzee alisafirishwa siku nzima katika gari la kukodi hadi hospitali kubwa ya mjini. Huko aliwekewa mipira, akapigwa picha za kila aina, akaambiwa yale aliyokwisha kuambiwa. Alifariki siku ya kumi na tisa, usiku, wodini, akiwa na kijana mmoja tu wa kuajiriwa aliyekuwa akimuuguza. Mkewe alikuwa nyumbani, maana nauli ya mtu wa pili haikupatikana.

Baada ya arobaini mjane wake alikuja kutoa nia ya Misa. Hakuja kutulaumu, na hilo ndilo linalouma hadi leo. Alitusimulia tu, kama mtu anayesimulia habari ya mvua, kwamba usiku ule kabla ya safari mumewe alimwambia asingependa kwenda. Alitaka kulala kwake, asikie kengele ya Malaika wa Bwana jioni, aone kahawa ikichumwa, maana ulikuwa msimu wake. "Alisema hivyo, Padre. Lakini vijana walikuwa wameshaamua, na wewe ulikuwa umeshasema."

Mzee yule alikuwa na akili zake timamu. Sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, lakini alikuwa anaongea. Sisi wenyewe tulimpaka Mafuta Matakatifu kwenye paji la uso na viganjani mchana wa siku ile, tukamsikia akiitikia "Amina," kisha tukatoka kwenda kumpigania kwa daktari. Hatukumwuliza anataka nini. Wanawe hawakumwuliza. Hata daktari yule, aliyekuwa na haki katika mengine yote, alikuwa amezungumza na watoto koridoni na si na baba kitandani.

Ndiyo maana swali la mama wa wiki hii lilitunyima usingizi. Katika hotuba ileile ya mwaka 1957 Papa Pius alisema jambo ambalo tulilisoma seminarini tukalipita haraka: kwamba daktari hana haki juu ya mgonjwa iliyo mbali na ile aliyopewa na mgonjwa mwenyewe, na kwamba haki na wajibu wa familia, mgonjwa mtu mzima anapokuwa hajitambui, hutegemea yale ambayo yeye angeyataka. Mwenye kauli basi si daktari wala si ukoo. Wote wawili wanazungumza kwa niaba ya mwingine, na wanapogombana wao kwa wao, mara nyingi ni dalili kwamba wamemsahau.

Mwinjili Yohane, katika sura ya tano, anatusimulia habari ya mtu aliyekuwa hawezi kwa miaka thelathini na minane, akilala kando ya birika la Bethzatha pamoja na umati wa wagonjwa. Bwana wetu alijua amekuwa hapo muda mrefu. Hata hivyo, kabla ya kumponya, alimwuliza kama anataka kupona. Wahubiri wengi hupata shida na swali hilo, kwa kuwa linaonekana halina haja. Nani asiyetaka kupona? Sisi tulikuwa tukilipita vilevile. Leo tunaona kwamba pengine kwa miaka yote ile, yule alikuwa mtu wa kwanza kumwuliza jambo lolote.

Tunajua ugumu wake. Katika mila zetu nyingi, kumwuliza mzazi angependa aondokeje ni kama kumchuria. Hata Sakramenti ya Mpako wa Wagonjwa imegeuzwa kuwa hukumu ya kifo. Tunaitwa saa nane za usiku, mgonjwa akiwa hajitambui tena, kwa sababu ndugu waliogopa kwamba akimwona padre atajua. Mara nyingi yeye alikwisha kujua. Tumeungamisha wagonjwa wengi waliotuomba tusiwaambie watoto wao kwamba wanajua wanakufa, ili watoto wasihuzunike; na tukitoka nje, watoto wanatuomba tusimwambie baba. Nyumba nzima inalinda siri ambayo hakuna asiyeijua.

Tufanye nini basi? Kwanza mgonjwa aulizwe mapema, angali anaweza kujibu, na aulizwe na yule anayempenda, si na kikao. Haihitaji maneno makubwa. Mzee wa kahawa alijibu swali lote kwa sentensi mbili. Ndugu wachague mmoja wa kusema na daktari, na huyo awe yule anayeshinda naye kitandani, hata kama ni binti wa mwisho, wala asiwe lazima yule mwenye cheo aliyefika jana kwa ndege. Ndugu zetu madaktari, tunawasihi mvute kiti. Mkiketi, hata dakika mbili huwa ndefu. Na sisi mapadre tunapoitwa "kuzungumza na daktari," tuanze kwa kumsikiliza yeye, na kabla yake tumsikilize aliyelala.

Ipo pia njia ya tatu kati ya mashine na kutelekezwa, nayo kwa sehemu ilifunguliwa Afrika na mtu wa mji uleule wa Liverpool tuliouzungumzia. Daktari Anne Merriman, mzaliwa wa huko, aliyewahi kuwa mtawa mmisionari, alianzisha mwaka 1993 mjini Kampala huduma ya kuwatunza majumbani wagonjwa wasioweza kupona, akitumia mofini ya maji, ya bei ndogo, inayonyweka nyumbani. Tangu mwaka 2004 Uganda inawaruhusu hata wauguzi waliosomea huduma hiyo kuandika dawa hiyo. Hapa nchini huduma kama hiyo ipo katika taasisi ya Ocean Road na katika hospitali kadhaa, zikiwamo za makanisa. Barua ya Vatikani ya mwaka 2020, Samaritanus bonus, inaihimiza huduma hiyo kwa nguvu. Ndiyo dawa yuleyule daktari kijana aliyokuwa ameishika mkononi, tukamfanya airudishe kabatini.

Mama yetu alirudi Alhamisi. Kaka yake hawezi kuongea tena, hivyo tulimwuliza kama aliwahi kusema lolote alipokuwa mzima. Alifikiri kwa muda mrefu. Kisha akakumbuka kwamba mwaka juzi, mama yao alipokuwa anaumwa, kaka huyo alisema jambo, na mkewe alikuwapo akalisikia. Hakutuambia ni jambo gani, nasi hatukumwuliza. Aliomba simu ya parokia, akatoka nje chini ya mwembe ampigie shemeji yake.

Tarehe 11 Februari Misa itakuwa saa nne asubuhi, na Mpako wa Wagonjwa utatolewa ndani ya Misa. Viongozi wa jumuiya ndogondogo walete ofisini majina ya wagonjwa wasioweza kufika, ili tuwafuate nyumbani. Watuandikie na saa ambayo mgonjwa mwenyewe angependa tufike.